Mpishi Asiyejua Kukata Kitunguu

"Mikono ya mbao!" Mama yangu alisema ndani ya simu, katikati ya duka kubwa lililojaa watu. "Huyo kijana ana mikono ya mbao. Nyanya gani inashikwa hivyo, kama anaiamkia? Ibonyeze!"

"Naam, Mama," akajibu Mpishi, na akaibonyeza nyanya kwa kidole gumba mpaka ikatoa maji. Mhudumu wa duka akatutolea macho. Nikaitumbukiza ile nyanya kwenye kitoroli chetu haraka haraka, kabla hatujaulizwa maswali.

Huyo anayeambiwa ana mikono ya mbao ni mpishi wa kweli. Anavaa kofia ndefu nyeupe katika jiko la hoteli, ana wasaidizi wanaomwogopa, na akikata kitunguu huoni kisu, unaona tu kitunguu kimekwisha. Mama hakulijua hilo, na sisi tulikuwa tumeapa kwamba hatalijua. Angelijua, Mama angeacha kula. Ngoja nieleze, maana nikiliacha hivyo mtasema nimeanza kutia chumvi mapema.

Tunaishi watatu katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya juu kabisa, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi ikijisikia. Mimi napiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali: mashuka, mashuka, mashuka, na siku ya sikukuu, mashuka. Mwenzangu Nesi anatunza wazee. Tulijuana kituo cha basi, nilipomsikia akiutukana mlango wa basi kwa lugha yetu, kwa ufasaha mkubwa, nikajua nimepata ndugu. Mpishi alikuja baadaye kuchukua chumba cha tatu, na siku alipoingia na visu vyake vimefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga, mimi na Nesi tulitazamana tukasema Mungu ametukumbuka.

Kumbe hakutukumbuka sana. Mpishi kutoka kazini kwake anarudi usiku, kachoka, na akirudi hataki kuona hata sufuria. Siku zake za mapumziko alitupikia tukala mpaka tukalegea. Siku nyingine mimi na Nesi tulikula mkate na chai, tumesimama karibu na sinki, kila mtu kwa saa yake. Sikuona ubaya wowote. Nyumbani mimi nilikuwa kitinda mimba, kazi yangu jikoni ilikuwa kulamba mwiko. Mama hakunifundisha kupika kwa sababu kila nilipoingia jikoni alisema nampotezea muda.

Basi siku moja dada yangu mkubwa akanipigia. Dada ameolewa, anakaa mbali kidogo na Mama, humtembelea akipata nafasi. Sauti yake ilikuwa ya chini, na dada yangu si mtu wa sauti ya chini.

"Mama hapiki," akasema.

"Hapiki nini?"

"Hapiki chochote. Nimeingia jikoni, jiko la baridi, sufuria zimeshika vumbi. Ile kubwa, ile tuliyokuwa tukipikiwa wote, ameitundika kwenye msumari huko juu, buibui kajenga nyumba ndani. Anakula mkate na chai. Asubuhi mkate na chai, jioni mkate na chai. Nguo zinampwaya. Nimemwuliza, Mama, kwa nini hupiki? Ananiambia, nimpikie nani?"

Baba alishatutoka. Dada ana mji wake. Wa mwisho kubaki mezani na Mama nilikuwa mimi, na mimi nilipanda ndege nikaja kupiga pasi mashuka ya watu. Nililia, sitaki kuficha, nililia nikaisikia pua inaziba. Nikamwambia Dada ampelekee chakula. Akasema amejaribu: Mama anakipokea, anashukuru, na anampa jirani.

Wazo lilitoka kwa Nesi. Kwenye kazi yake anao wazee wasiotaka kula, na anasema ukimbembeleza mtu mzima kama mtoto atafunga mdomo hata kwa asali. "Usimwambie ale," akasema. "Mwombe msaada. Mama yako anapenda kufundisha?"

"Anapenda kukaripia."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Mpango ukawa huu. Kila Jumamosi nitampigia Mama simu ya video, nimwambie tunakufa njaa, hatujui kupika, atuelekeze. Nitamwambia siwezi kuelewa kwa maneno, lazima nione kwa macho, kwa hiyo naye awashe jiko apike kitu kile kile upande wake. Na mwisho aonje chake atuambie kinafananaje, tulinganishe. Mtu akishaonja, kijiko cha pili huja chenyewe.

Tatizo lilikuwa Mpishi. Mama akijua nyumbani kwetu kuna mtu anayelipwa kwa kupika, atasema, si mnaye bingwa hapo, mnanisumbua nini? Na Jumamosi asubuhi ndipo Mpishi huwa nyumbani, na jiko letu ni dogo, huwezi kumficha mwanamume wa mwili ule nyuma ya friji. Tukamwomba ajifanye hajui.

Akatuangalia mmoja mmoja. "Hajui kiasi gani?"

"Hajui kabisa," nikasema.

"Hata chumvi?"

"Hata chumvi."

Akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa anyoe nyusi. Lakini akakubali.

Mama alikubali upesi kuliko tulivyotarajia. Kwanza alinitazama kwenye simu, akasogea, akasogea tena mpaka nikawa naona jicho moja tu, akasema, "Mbona mashavu yameingia ndani?" Nikamwambia ni njaa, Mama, hatujui kupika. Akaguna. Jumamosi ile ile jiko likawashwa.

Jamani, zile Jumamosi! Tulianzia dukani, kwa sababu Mama alisema hawezi kufundisha bila kukagua vitu. Nesi anasukuma kitoroli, mimi nashika simu, Mpishi anashika vyakula na kutukanwa. Kwenye rafu za nyama Mama alitaka kuonyeshwa kuku. Nikamwonyesha, kafungwa nailoni, kalala kwenye sahani yake ya plastiki.

"Kichwa kiko wapi?"

"Hana, Mama. Wanauza hivi."

"Na miguu?"

"Hana."

"Sasa alikuwa anatembeaje huyo? Mrudishe. Chukua mwingine."

Wote walikuwa hivyo hivyo, lakini tulirudisha na kuchukua mwingine, kisha mwingine, mpaka Mama akaridhika na mmoja ambaye naapa ndiye tuliyeanza naye. Mahali pa kulipia akaniambia niombe punguzo. Nikamwambia hakuna mtu, Mama, ni mashine. Akasema nimwite mwenye mashine. Watu nyuma yetu walikuwa wameshajipanga, Nesi kainama juu ya kitoroli anavunjika mbavu, na mimi naibembeleza simu kama mlevi.

Kwenye lifti, ikiwa imeamua kufanya kazi, simu tumeikata kwanza, ndipo tulipopanga makosa. Lazima kila Jumamosi tukosee kitu, la sivyo Mama angetuona tumehitimu akatuacha. "Leo nani anaharibu?" Nesi angeuliza, na mmoja anajitolea. Mimi sikuhitaji kujifanya, nilikuwa naharibu kwa kipaji. Nesi alikuwa mwigizaji mbovu sijapata kuona: alipiga kelele "Ooo, jamani, nimezidisha chumvi!" kabla hata mkono haujafika kwenye kopo la chumvi. Mama alidhani ana matatizo ya macho akamwombea dua.

Lakini aliyeumia ni Mpishi. Simu yetu tuliiegemeza kwenye kopo la sukari, ikitazama kibao cha kukatia, na yeye akasimama mbele yake na kisu akakata kitunguu vipande vikubwa vikubwa. Mama naye kaiegemeza simu yake mahali, hatukujua wapi, maana kwa kawaida tuliona nusu ya paji lake la uso na dari nzima.

"Wewe Mbao," Mama alisema, kwani jina lilishafupishwa, "hivyo ni vitunguu au matofali? Unajenga?"

"Samahani, Mama."

"Mama yako hakukufundisha?"

"Hakupata nafasi, Mama."

"Basi nitakufundisha mimi. Kunja vidole. Kunja! Unataka kutuwekea kidole kwenye mchuzi?"

Simu ikikatwa alikuwa anazunguka jikoni akipumua kwa nguvu. "Vidole! Ananiambia mimi nikunje vidole!" Kuna siku tulimpangia aunguze kitunguu saumu, akakataa katakata. Alisema mtu anaweza kumvua heshima, akamvua na jina, lakini kitunguu saumu hakiunguzwi, kuna mipaka. Ikabidi nikiunguze mimi.

Tulikula tulichokiharibu. Wali wa maji, maharage yenye mawe ya chumvi, mchuzi mweusi. Tulikula tumekaa mezani, wote watatu, kwa sababu Mama alikuwa anatuona, na upande wa pili naye alikula chake. Mwanzo alionja kwa ncha ya kijiko. Baadaye akawa anakula huku anatusema, mdomo umejaa, na mimi nilikuwa nakitazama kile kijiko kikipanda na kushuka kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote.

Dada akaanza kunitumia habari njema. Mama kanunua mkaa. Mama kaenda sokoni mwenyewe, kagombana na muuza samaki. Mama kapika siku ambayo si Jumamosi, eti anafanya mazoezi asije akatuelekeza vibaya. Kitu kimoja tu hakikubadilika: alikuwa akipikia kile kisufuria cha kuchemshia maziwa, kidogo cha mtu mmoja. Ile kubwa ilibaki juu kwenye msumari na buibui wake. Nilijiambia nisiwe mroho.

Ndipo ikaja Jumamosi ya moto.

Zamu ya kuharibu ilikuwa ya Nesi. Alipangiwa asahau mafuta jikoni yapate moto sana, kidogo tu, mpaka Mama aone moshi apige kelele. Nesi akasahau kweli. Mama alikuwa anasimulia habari ya jirani yake na mbuzi, hadithi tamu, na sisi sote tumeinama kwenye simu, mara nikasikia vuuu! nyuma yangu. Nikageuka nikakuta kikaango kinawaka moto, ndimi zinakimbilia pazia, na king'ora cha moshi kikaanza kulia darini. Nesi akashika jagi la maji.

"Usimwage maji! Nyuma! Nyuma yangu wote!"

Hiyo sauti sikuwahi kuisikia. Mpishi alishapita katikati yetu, kazima jiko kwa mkono mmoja, kafunika kikaango kwa mfuniko kwa mkono wa pili, kavuta pazia pembeni kwa kiwiko. Moto ukafa. Kafungua dirisha. Kapiga king'ora kwa mpini wa ufagio kikanyamaza. Na hapo angeishia, sasa hivi tungekuwa tunacheka. Lakini mwili wa fundi ukishawaka hauzimiki mara moja. Alitoa kikaango kingine, akamimina mafuta, akachukua kitunguu, na macho yakiwa bado yanakagua dari akakikata. Tratratratra. Kikawa laini kama uzi. Akakitupia kwenye kikaango, akakirusha hewani, kikageuka, kikatua chote pale pale. Kisha akakipakua kwenye sahani, akachukua kitambaa begani akafuta ukingo wake, akaigeuza kidogo kwa vidole viwili ikae sawa.

Kisha akakumbuka. Akatazama simu.

Kwa mara ya kwanza Mama alikuwa ameishika simu sawasawa. Tuliuona uso wake wote.

"Mbao," akasema.

"Naam, Mama."

"Hebu kata kingine."

Mpishi akachukua kitunguu, akakikata matofali. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Haya," akasema Mama. "Nimeona." Na simu ikakatika. Chakula chake kilikuwa bado jikoni, hakukigusa.

Nilimpigia hapo hapo. Hakupokea. Nikampigia jioni, nikampigia kesho yake, hakupokea. Dada akaenda, akanipigia kutoka nje ya nyumba ya Mama.

"Mmefanya nini nyie? Jiko la baridi. Anasema watu wazima mnakaa mnamchezea kama mtoto. Anasema siku zote hizo mlikuwa mnamcheka."

"Hatukumcheka, Dada!"

"Mimi najua. Nenda kamwambie yeye. Amerudi kwenye mkate."

Mimi nina hasira za karibu, na zilikuwa zinatafuta pa kutua. Zikatua kwa Mpishi. Nilimkuta anavua viatu mlangoni nikamwambia kwamba kujionyesha ndiko kulikomponza, kwamba hakuweza kuvumilia kuwa mjinga hata mbele ya mama wa mtu mwenye huzuni, kwamba kitunguu kimoja kilimshinda. Nesi akaniambia nikome, moto ulikuwa wake. Nikamwambia naye zamu yake inakuja.

Mpishi hakunijibu kwa ukali. Alikaa kwenye kiti na kiatu kimoja mguuni.

"Unajua kule kazini wananiambia nini siku nzima?" akauliza. "Wananiambia, haraka. Basi. Wanakula nilichopika, sahani inarudi tupu, sijui hata sura zao. Mama yako ndiye mtu pekee katika nchi hii yote anayeniambia nikunje vidole nisije nikajikata."

"Mama hayuko katika nchi hii."

"Ndiyo nasema."

Hapo nikakumbuka kwamba kila Jumamosi, pamoja na manung'uniko yake yote, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza jikoni, kaoga, kavaa shati safi lililopigwa pasi, kaegemeza simu kwenye kopo la sukari kabla sijaamka. Shati lenyewe nililipiga pasi mimi. Niliona aibu nikaenda kumchemshia chai.

Jumamosi ilipofika tulikwenda dukani kwa mazoea tu, bila sauti ya kutuongoza. Hamu yote ilikuwa imetutoka. Nesi alisukuma kitoroli kitupu tukapita rafu baada ya rafu. Nikajikuta nabonyeza nyanya kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, na macho yananiuma. Yule mhudumu wa siku zote akaniangalia, akaangalia mkono wangu usio na simu, akaondoka kimya kimya.

Tulipofika kwa kuku Mpishi akasimama. Akatoa simu yake mwenyewe mfukoni. "Nipe namba," akasema.

"Hatapokea."

"Yangu haijui."

Nikampa. Alipiga moyo konde, akajikohoza, akanyoosha shati, mwanamume mzima mbele ya rafu ya kuku wasio na vichwa. Mama akapokea. Nilimwona kwa pembeni: paji la uso na dari.

"Shikamoo, Mama. Ni mimi. Mbao."

"Marahaba."

"Mama, mimi ni mpishi. Ndiyo kazi yangu. Tulikudanganya."

"Nimeona. Nina macho."

"Hatukukucheka hata siku moja. Binti yako mkubwa alisema huli. Tukatafuta njia ya kukukalisha jikoni, hatukupata nyingine."

Dari tu ilikuwa inaonekana, na kona ya khanga.

"Na huyo mwanangu," akasema mwishoni, "anakula?"

Mpishi akanitazama. Nikatikisa kichwa kumkataza. Yule bwana, aliyeweza kudanganya kuhusu kitunguu kwa miezi, akashindwa kudanganya kuhusu mimi.

"Jumamosi anakula, Mama. Siku nyingine ni mkate na chai. Wamesimama karibu na sinki."

"Nilijua!" Sauti ya Mama ikajaa duka zima. "Nilijua tangu siku ile ya mashavu! Mnadhani nilikuwa nawasha jiko kwa ajili ya nani? Mimi na umri huu niunguzwe na mkaa kila Jumamosi kwa raha yangu? Nikasema huyu mtoto akiniona napika na yeye atapika, akiniona nakula na yeye atakula. Nilikuwa naangalia mdomo wake mpaka shingo inaniuma. Kumbe mna mpishi ndani na bado anakula mkate! Mlete hapa!"

Nikaletwa. Nilisukumwa, kusema kweli.

"Abee, Mama."

"Unakula mkate umesimama?"

"Na wewe, Mama?"

Tukatazamana. Uso wake ulikuja kamili kwenye kioo na mimi nikauona jinsi ulivyo: wangu, umezeeka kidogo, mashavu yameingia ndani. Nikaanza kulia, yeye akaanza kunifokea nisilie mbele ya vyakula vya watu, naye anajifuta kwa ncha ya khanga. Nesi akaacha kitoroli akaja kutukumbatia mimi na simu kwa pamoja.

"Basi inatosha," Mama akasema. "Mbao, chagua kuku. Leo wewe ndiye mwalimu. Unifundishe hicho unachowapikia hao watu wako wa hotelini, tuone kama ni chakula."

Mpishi alichagua kuku mara moja, bila kurudisha. Mama akasema anaringa.

Nyumbani simu ikaegemezwa kwenye kopo la sukari. Mpishi akafungua kile kitambaa chenye visu vyake, kwa mara ya kwanza mbele ya Mama, na Mama akasema "Mh!" na kukaa vizuri. Mpishi akaeleza taratibu, kwa heshima zote, na Mama akafuata upande wake. Akafuata vibaya mno. Akakata kitunguu vipande ambavyo ungeweza kuzuilia mlango. Akaweka mafuta mengi. Akauliza chumvi ni ipi.

"Vizuri, Mama," alisema Mpishi, anahangaika. "Vizuri sana. Labda vipande vingekuwa vidogo kidogo tu, ukipenda."

"Mbona hunikaripii?"

"Siwezi, Mama."

"Mimi si nilikukaripia? Nikaripie na wewe. La sivyo sijifunzi."

Mpishi akatutazama sisi, akameza mate, akanong'ona, "Mama, hivyo ni vitunguu au matofali?"

Mama alicheka. Alicheka mpaka akaweka kisu chini akashika ubavu, na simu yake ikaanguka, na kwa dakika nzima tukawa tunaangalia dari na kusikia kicheko, na sisi huku tunacheka mpaka jirani wa chini akagonga. Tulisikia hatua zake zikienda mahali, zikirudi, kitu kikiburutwa, maji yakimwagika, kitu kikisuguliwa kwa nguvu. Nilimwita hakuitika. Kitu kikasuguliwa tena.

Tulipomaliza kupika tukakaa mezani. Mama akainua simu akaigeuza, akatuonyesha jiko lake.

Juu ya mkaa ilikuwa ile sufuria kubwa. Kaiangua msumarini, kaisugua na majivu mpaka inang'aa, mfuniko wake ule ule uliopinda siku nilipoukalia nikiwa mtoto. Akaufunua, mvuke ukajaa kwenye kioo. Ilikuwa imejaa mpaka juu.

"Mama," nikasema, "chakula chote hicho unampikia nani?"

Aliifuta simu mvuke kwa khanga, akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kipuuzi.

"Nyie si mpo hapo?" akasema, akachukua upawa, akaanza kupakua.